Usitupe Kabla Hujauliza

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari za vitu vya nyumbani: makabati, masanduku, makopo, nguo za zamani, na zile karatasi zilizofungwa kwa uzi zikawekwa juu ya kabati. Nimelichagua jambo hili kwa sababu yako mafundisho yanayoingia majumbani mwetu kupitia simu, hasa kwa vijana waliopanga nyumba zao za kwanza mjini, na mafundisho hayo kwa ufupi yanasema: punguza. Baki na vichache. Usichokitumia kiondoe. Ukuta uwe mweupe, meza iwe tupu, nguo ziwe za kuhesabika, na moyo wako utapata nafasi ya kupumua.

Anayejulikana kuliko wote katika mafundisho haya ni Marie Kondo wa Japani. Kitabu chake kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014 kiliuzwa kwa mamilioni, na Januari 2019 Netflix ikaanza kumwonyesha akiingia katika nyumba za Wamarekani na kuwasaidia kupanga na kuondoa. Namna yake ya kufanya kazi ni hii. Unatoa nguo zako zote, zote kabisa, unazirundika kitandani. Unashika moja moja, na kila unayoishika unajiuliza kama inakupa furaha. Inayokupa furaha inabaki. Isiyokupa unaishukuru kwa kazi iliyokufanyia, kisha unaiacha iende. Hilo la kushukuru kitu nimelipenda, na nalisema wazi. Mama huyu katika ujana wake aliwahi kuhudumu kwenye hekalu la dini ya Shinto, na unaona kwamba heshima yake kwa vitu ina mizizi ya kwao. Tena ni mkweli: mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba nyumba yake haiko tena nadhifu kama zamani, na kwamba muda wake sasa anautumia kwa wanawe. Mzazi yeyote anamwelewa.

Kwa hiyo sina ugomvi naye, wala sina ugomvi na usafi. Nyumba iliyojaa mpaka mlango haufunguki vizuri huleta panya na mende, huleta vumbi na kikohozi, na ikishika moto watu hawapati pa kutokea. Na dini zetu tangu utotoni zimetufundisha kwamba mali ni dhamana, na kwamba kulimbikiza huku jirani hana ni kosa. Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni kipimo. Kuuliza kama kitu kinanifurahisha mimi, leo, nikiwa nimekishika mkononi, hakutoshi kuamua kama kitu hicho kibaki ukooni au kitoke. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa nyumba ambayo vitu vimeingia kwa wingi, kwa haraka na kwa bei rahisi, na ambayo mwenyewe akijuta kesho anarudi dukani kununua kingine. Nyumba nyingi tunazozijua hazijajengwa juu ya uhakika huo.

Tuanze na swali ambalo waalimu wa uchache hulipita haraka. Kitu kikishatoka nyumbani kwako, kinakwenda wapi?

Sisi jibu tunalo, kwa sababu kinakuja kwetu. Ule mwanzo wa mwaka 2019, vipindi vya Netflix vilipoanza kuonyeshwa, maduka ya hisani ya Marekani na Uingereza yalieleza kwamba yanapokea mizigo mingi kuliko kawaida. Watu walikuwa wamekaa sebuleni wakapata hamu ya kupunguza. Maduka hayo huuza sehemu tu ya wanachopewa. Kinachobaki huuzwa kwa wafanyabiashara, huchambuliwa, hubanwa kwa mashine, hufungwa kuwa belo, na hupakiwa melini. Ukienda Mchikichini pale Ilala, au Kongowea Mombasa, au Gikomba Nairobi, au Owino Kampala, ndipo utakapoona mwisho wa ule moyo uliopumua.

Nenda alfajiri. Belo la kilo 45 linatuliwa chini, mikanda inakatwa, nguo zinafutuka kama zilikuwa zimeshikilia pumzi. Wateja wa kwanza, wengi wao akina mama wenye maduka yao madogo mitaani, wanakuwa wameshazunguka. Mikono inakwenda upesi: kola inageuzwa, kwapa linaangaliwa, zipu inapandishwa na kushushwa. Zile nzuri kabisa, ambazo Nairobi wanaziita kamera, huondoka katika dakika chache kwa bei ya juu. Baada ya hapo bei hushuka saa kwa saa, mpaka jioni zinapobaki zile za kurundika chini, chagua mwenyewe. Kwenye rundo hilo utaiona fulana ya mbio za hisani za mji ambao hapa hakuna aujuaye, bado ina namba ya mkimbiaji. Utakuta sare ya mtoto wa shule yenye jina lake limeshonwa ndani ya kola. Utakuta risiti mfukoni. Aliyeitoa fulana ile nyumbani kwake alikuwa na hakika kwamba yamekwisha. Hapa yanaanza, kwa sababu mama aliyenunua belo lile amelinunua likiwa limefungwa, hajui ndani mna nini, na likitoka lenye madoa na matundu hasara ni yake na ya wanawe. Kisichouzika kabisa kinaishia jalalani Pugu Kinyamwezi au Dandora, au kinasombwa na Mto Nairobi unaopita pale pale pembeni mwa soko la Gikomba.

Mnakumbuka nchi zetu zilivyojaribu kulizuia jambo hili. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba iondolewe hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Marekani ikatishia kutuondoa katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia kwake bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda peke yake ikashikilia: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo. Mimi silaani mitumba. Imesomesha watoto wengi, na mashati mazuri niliyowahi kuvaa yametoka huko. Nasema tu kwamba mtu hawezi kuambiwa ameondoa kitu duniani wakati amekihamishia kwa mtu mwingine, ng'ambo ya bahari.

Sasa njoo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Kopo la maziwa ya unga likiisha linakuwa la sukari. Ndoo ya rangi ikisafishwa inachota maji miaka mitano. Chupa ya maji inakwenda na mafuta ya taa, au inarudi kutoka Tabora imejaa asali. Gauni la dada mkubwa linapunguzwa na fundi cherehani, linamfaa mdogo, halafu linakuwa kitambaa cha kudekia. Sufuria ikitoboka inasubiri fundi wa kuziba. Na chuma kikishindikana kabisa, yupo yule kijana anayepita na mkokoteni akigonga, chuma chakavu, chuma chakavu, anakipima na kukilipia. Watu wetu wamekuwa na elimu ya vitu siku nyingi, na elimu hiyo haikutoka kwenye kitabu chochote cha Ulaya wala Japani. Ndani yake kitu hakitoki mpaka kazi yake ya mwisho imepatikana.

Halafu lipo kabati la vyombo vya wageni. Hili nataka nilikalie kidogo, kwa sababu ndilo linaloshambuliwa kuliko vyote.

Mnalijua. Liko sebuleni, lina milango ya vioo, na ufunguo wake anaujua mama peke yake. Ndani mna vikombe vyenye maua na visahani vyake, birika, sahani kubwa ya pilau, bilauri zilizofunikwa vinywa chini, pengine chupa ya chai iliyokuja na zawadi za harusi na bado ina karatasi yake. Watoto wa nyumba hiyo wanakunywa chai katika vikombe vya plastiki mwaka mzima. Sheria moja inayosambaa sana mitandaoni inasema kitu usichokigusa kwa mwaka mmoja kiondoe. Kwa sheria hiyo kabati lile litakuwa la kwanza kumwagwa.

Lakini fikiria siku wanapokuja watu wa posa. Wazee wanne wamekaa sebuleni, hawajasema lililowaleta, wanauliza habari za mvua. Kabati linafunguliwa. Vikombe vinaoshwa vumbi, vinafutwa kwa kitambaa safi, vinapangwa kwenye sinia. Mgeni anapokishika kile kikombe anajua, bila kuambiwa, kwamba nyumba hii ilimsubiri. Mama yule aliweka akiba ya heshima kwa miaka, kwa ajili ya saa mbili kama hizo. Na siku ya msiba ni hivyo hivyo. Jirani hahitaji kuombwa, anatoa vyombo vyake vinavuka ua. Pale ambapo nyumba moja haiwezi, vikundi vya akina mama vimefanya busara zaidi: wananunua kwa pamoja sufuria kubwa za kupikia watu mia, viti vya plastiki, maturubai, sahani, vinakaa stoo kwa mmoja wao na vinatoka kwa shughuli ya yeyote, na vya kukodisha vinaingiza fedha za kikundi. Anayetafuta namna ya kuishi na vitu vichache bila kupungukiwa, nadhani hapo pana somo kubwa kuliko ukuta mweupe.

Tena tusisahau kwamba wako wenzetu wengi wanaoishi na vitu vichache bila kuchagua. Familia ya watu sita katika chumba kimoja Manzese au Mathare haihitaji kufundishwa uchache. Kitanda, pazia katikati, jiko la mkaa, ndoo mbili, begi la nguo chini ya kitanda. Ukimwonyesha mama wa chumba hicho picha ya sebule yenye kiti kimoja na ua moja kwenye chupa, ukamwambia huu ndio uhuru, atakuuliza vyombo viko wapi. Mwenye mshahara wa uhakika anaweza kutoa akijua atanunua tena. Mwenye kipato cha leo kipo kesho hakipo anaweka, kwa sababu kilichowekwa ndicho bima yake. Cherehani ya mguu iliyofunikwa shuka kwa miaka kumi inafunuliwa siku baba anapopunguzwa kazini, na nyumba inakula. Bangili ya dhahabu isiyovaliwa inalipa ada ya kidato cha tano. Wahenga walisema akiba haiozi, na walisema wakiwa wameona njaa.

Nije kwenye karatasi. Hapa ndipo ninapotofautiana na Marie Kondo waziwazi. Ushauri wake wa jumla kuhusu karatasi ni kwamba utupe zote, isipokuwa zile chache zinazotumika sasa, zinazohitajika kwa muda, au ambazo lazima zikae daima. Mjapani ambaye kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri na serikali anaweza kufuata ushauri huo akalala usingizi. Kwetu, muhuri uliofifia kwenye karatasi ya mwaka wa nyuma sana unaweza kuwa ndiyo wewe mwenyewe.

Wanubi wa Kenya wanajua ninachosema. Kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyefika umri wa kuchukua kitambulisho hakupewa kama kijana mwingine. Alipelekwa mbele ya kamati, akaulizwa baba alizaliwa wapi, babu alizaliwa wapi, na vitambulisho vyao viko wapi. Hali hiyo iliwakuta pia Wasomali wa Kenya na watu wengi wa pwani, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza kuufuta mchujo huo katika kaunti za mpakani. Sasa fikiria familia mbili za mtaa mmoja. Moja, babu alipofariki, walichoma karatasi zake pamoja na godoro. Ya pili, bibi alikifunga kile kitambulisho cha zamani ndani ya leso, akakitia sandukuni chini ya nguo, hakikumfurahisha hata kidogo, hakukitazama miaka ishirini. Mjukuu wa nyumba ile ya pili alikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Na hapa Tanzania tunawakumbuka wastaafu wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Reli, bandari, posta, shirika la ndege, wote walikuwa na wafanyakazi. Madai ya mafao yao yaliendelea kwa miongo kadhaa, mahakamani na barabarani, na wengi walifariki wakidai. Mzee aliyekuwa na barua yake ya kuajiriwa na karatasi zake za mshahara alikuwa na mahali pa kuanzia. Karatasi zile alikuwa amezitunza kwenye bahasha ya kaki, msumari wa ukutani, moshi wa jiko ukizigeuza rangi.

Sisi watu wa redio tunalo letu pia. Utepe wa sauti ulikuwa ghali, na rafu zilijaa, kwa hiyo vituo vingi duniani vilifuta vipindi vya zamani ili kurekodi vipya juu yake. BBC ya Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970 ilifuta au kutupa vipindi vingi vya televisheni ambavyo leo wanavitafuta kwa tochi. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya mchezo wa Doctor Who, vilivyorushwa mwaka 1967 na 1968 na kuhesabiwa kuwa vimepotea, vimepatikana. Vilipatikana wapi? Katika stoo ya kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Nakala zilikuwa zimepelekwa Afrika kuonyeshwa, na zikabaki rafuni bila mtu wa kuziondoa. Hata shirika la anga la Marekani, NASA, mwaka 2009 lilikiri kwamba tepu zake za asili za picha za binadamu wa kwanza kutua mwezini, Julai 1969, huenda zilifutwa na kutumiwa upya. Taifa lililofika mwezini lilifikiri linasafisha stoo.

Sisi tunazo tepu za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ndani yake wamo NUTA Jazz, Western Jazz, wamo Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe aliyefariki kwa ajali mwaka 1979 akiwa kijana bado. Bendi zile zilikuwa zinaingia studio ya redio, zinapiga, utepe unazunguka, kisha utepe unaandikwa kwa kalamu na kupandishwa rafuni. Ndiyo maana Jumapili mchana bado tunawasikia. Kila mara ninaposikia gitaa lile namwombea heri mtunza maktaba aliyekataa kufuta.

Na kabla ya tepu yalikuwapo makaratasi. Mwana Kupona alitunga utendi wake wa wosia kwa binti yake mwaka 1858, huko kaskazini ya pwani yetu. Chapa ya kwanza ya kitaalamu, ya Alice Werner, ilitoka mwaka 1917. Katika miaka ile yote hamsini na tisa utendi ulikaa vifuani mwa watu na kwenye karatasi zilizonakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, zikitunzwa majumbani. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani akitafuta hati kama hizo kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Hati alizozikuta zilitoka kwenye masanduku ya watu. Fasihi yetu ya kale tunayoisoma vyuoni leo, tunayo kwa sababu watu wa kawaida hawakusafisha nyumba kupita kiasi.

Hapo ndipo naweza kukusimulia sanduku nililoliona mwenyewe. Marehemu shangazi yangu alikuwa Tanga. Alipofariki, baada ya arobaini, tuliitwa wanafamilia kulifungua sanduku lake la mbao. Lilikuwa na harufu ya udi na naftalini. Juu zilikuwapo doti za khanga, nyingi zikiwa hazijakatwa wala kupindwa, kila doti imekunjwa na ndani yake kipande cha karatasi chenye jina: hii ya fulani akijifungua, hii ya mkwe, hii ya jirani aliyenichotea maji nilipougua. Alikuwa amegawa tayari, amekufa hajatoa. Chini ya khanga kulikuwa na bahasha ya vyeti vyetu vya kliniki tulipokuwa wachanga. Na chini kabisa, ndani ya mfuko mweupe, ndipo ilipokuwa imekaa sanda yake mwenyewe. Aliinunua alipokwenda kuhiji, akailoweka maji ya Zamzam, akaianika, akaileta nyumbani. Wenzake walijua iko pale, na siku ya maziko ilitolewa kwanza, kabla ya kingine chochote, kisha sanduku likafungwa tena mpaka siku ile tuliyokutana.

Niambie, msikilizaji, kipimo cha furaha kinaisemaje sanda? Ni nguo isiyovaliwa, isiyotazamwa, isiyopendeza. Kwa shangazi ilikuwa utulivu wa miaka. Alijua atakapoondoka hatamtia mtu katika mbio za dukani.

Najua watakaosema, basi piga picha kwa simu halafu uondoe. Simu inaibwa kituoni Mbagala, au inaingia maji, na hakuna ofisi itakayokubali picha ya kitambulisho cha babu kwenye kioo kilichopasuka. Picha ni nyongeza nzuri, isiwe badala.

Lakini nisiwapambe watunzaji kupita wanavyostahili. Kutunza bila kusema ni nusu ya kazi. Nimeingia nyumba nyingi ambazo mzee amefariki na chumba chake kimejaa, na wanawe wamesimama mlangoni hawajui kipi ni kipi. Albamu ya picha za studio, watu wamevaa suti na magauni ya mabega mapana, na hakuna hata jina moja nyuma. Funguo za makufuli yasiyojulikana. Hati ya kiwanja ambayo mchwa wameanza nayo pembeni, kwa sababu iliwekwa kwenye boksi juu ya sakafu ya udongo. Katika hali hiyo siwezi kumlaumu kijana anayeita mkokoteni. Kitu ambacho hakuna aliye hai anayeweza kukieleza kimeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na aliyekipotezea thamani hiyo ni yule aliyekaa nacho kimya.

Na wako wanaotunza kwa ubahili. Mahindi yanaliwa na dumuzi ghalani na jirani anakopa unga. Makoti matano ya baridi kabatini, na mlinzi wa getini anatetemeka Julai nzima. Hao siwatetei. Mila zetu zina njia za kutoa, na ni njia nzuri: nguo za marehemu hugawiwa ndugu na rafiki, kila mmoja akajua amevaa ya nani, mtoto akikua nguo zake huenda kwa mdogo wa jirani, sadaka hutolewa kilicho kizuri, mkononi, kwa mtu mwenye uso. Kutoa kwa namna hiyo hakumfanyi mtu kuwa mpweke katika chumba cheupe. Kitu kinaondoka na habari yake, na aliyekipokea anajua pa kushukuru.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Nguo ya ziada, toa, na umpe mtu unayemjua. Chombo kibovu, tengeneza au mpe mwenye mkokoteni. Usinunue usichokihitaji, hapo waalimu wa uchache wamesema kweli, na laiti wangelitilia mkazo zaidi jambo hilo kuliko kutupa. Lakini vitu vya aina tatu usiviguse kwa kipimo cha furaha yako: vinavyothibitisha watu wenu ni nani na ardhi yenu iko wapi, vinavyosubiri siku ya watu, na vilivyobeba sauti au mkono wa aliyetangulia. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Vitu hivyo si vyako peke yako, hata kama kabati ni lako.

Wewe kijana uliyerudi nyumbani likizo na unataka kumsaidia mama kusafisha chumba cha nyuma, nakuomba fanya hivi. Kabla hujatoa boksi nje, lifungue mbele yake. Karatasi yoyote yenye muhuri iweke pembeni, itie kwenye mfuko wa plastiki, iinue kutoka sakafuni. Picha usiyoijua usiitupe. Mpelekee mtu mzima wa ukoo, muulize majina, uyaandike nyuma kwa penseli, maana wino hupenya. Na wewe bibi, na wewe babu, mnaonisikiliza jioni hii na funguo mnazo kiunoni, msingoje sisi tuje kufungua baada ya arobaini. Waiteni wajukuu Jumapili hii, fungueni sanduku mkiwa hai, mwambieni kila mmoja kipi ni kipi na kilitoka kwa nani. Wakiuliza maswali mengi, wajibuni yote.